Simba wa Sogolon: Maisha ya Sundiata Keita

  Mwaka huu kila mwanachama aliombwa aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamechagua mashujaa wa Uhuru, na hilo ni jambo jema. Mimi nimemchagua mfalme wa Mali, Afrika Magharibi, aliyeaga dunia zaidi ya miaka 760 iliyopita. Najua mtaniuliza, Ruiru na Mali wapi na wapi? Subirini kidogo. Kisa chenyewe kilianzia hapa hapa karibu, mjini Thika.

Muhula wa kwanza chama chetu kilifanya shindano la hadithi za ajabu, zile za mazimwi, majini na nchi zisizokuwapo. Mimi niliandika habari za zimwi linaloishi chini ya maporomoko ya mto Chania. Zimwi langu lilikuwa na chongo, lina nundu mgongoni, tena lina mguu mmoja tu. Usiku lilikuwa likitoka majini na kurukaruka kwa mguu huo likiwatafuta watoto waliochelewa kurudi nyumbani. Sikulibuni lote mimi mwenyewe. Cucu wangu alikuwa akitusimulia habari za marimu, yaani mazimwi ya Kikuyu, yenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Mguu, chongo na nundu niliongeza mimi ili litishe zaidi. Basi nikashika nafasi ya pili, nikapewa kamusi, na kichwa kikavimba.

Jumapili moja wakati wa likizo nilipanda matatu hapa Ruiru, nikapita Juja, nikashuka Thika kumwona binti ya shangazi yangu. Watu wengi wakisikia Thika hufikiria mananasi na viwanda tu. Kumbe Thika ni mji wa shule pia. Ni huko ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha Shule ya Vipofu mwaka 1946, na baadaye likaanzisha Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Binamu yangu alizaliwa na miguu isiyoweza kumbeba. Hutumia kiti cha magurudumu, na akikuona unakisukuma bila kumwomba ruhusa, utajuta. Ana maneno huyo! Pia ni msomaji kunishinda mimi.

Nilimsomea hadithi yangu kwa mbwembwe zote, sauti ya zimwi nikiifanya nzito na ya watoto nyembamba. Alicheka pale pa kuchekesha. Nilipofika mahali zimwi linaporukaruka kwa mguu mmoja, akanyamaza. Nilipomaliza hakunikaripia. Aliniuliza tu kwa nini zimwi langu halikuwa na mguu wa pili. Nikamjibu kwamba nilitaka litishe. Akaniuliza kama yeye naye hunitisha.

Wacha nikwambie, msomaji, siku hiyo maji yalizidi unga. Nilitafuta la kusema nikakosa. Yeye akaendelea taratibu, kama mwalimu anayesahihisha insha. Akasema katika vitabu alivyosoma, mwenye mguu mmoja ni haramia, kama yule Long John Silver wa Robert Louis Stevenson. Aliyekatwa mkono ni haramia pia, kama yule Hook wa J. M. Barrie mwenye ndoano ya chuma. Mwenye nundu ni mchawi. Kipofu naye ni mwombaji wa njiani, au mtakatifu asiyekosea hata siku moja. Akataka kujua kama kuna hadithi yoyote ya ajabu ambayo mtu wa namna yake ndiye mwenyewe hadithi, wala si kitisho cha wengine au mzigo wa kuhurumiwa. Nilimwahidi kwamba nitatafuta. Njiani kurudi Ruiru sikuona hata mashamba ya kahawa, nilikuwa nimeinama tu.

Jumatatu nilimweleza mwalimu mlezi wa chama mambo yote. Hakunigombeza. Alifungua kabati lake akanitolea kitabu cha hadithi ya Sundiata kilichoandikwa na D. T. Niane wa Guinea. Niane alimsikiliza malenga mmoja wa ukoo wa Kouyaté, akaandika kwa Kifaransa, kitabu kikatoka mwaka 1960, na baadaye kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Nilikisoma usiku tatu wakati wa masomo ya jioni. Haya sasa, nisikilizeni.

Sundiata alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13 katika nchi ya Wamandinka, karibu na mpaka wa Mali na Guinea za leo. Baba yake, Naré Maghann Konaté, alikuwa mfalme wa nchi ndogo tu. Siku moja, wasema malenga, alifika mwindaji mgeni aliyejua kupiga ramli kwa kauri. Akamtabiria mfalme kwamba ataletewa mwanamke mwenye sura mbaya na kibiongo, na kwamba akimwoa, mwanamke huyo atamzalia mwana ambaye jina lake halitasahaulika. Mfalme alikuwa tayari na mke, Sassouma Bérété, tena ana mwana wa kiume, Dankaran Touman. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi wakaja wawindaji wawili kutoka nchi ya Do. Nchi hiyo ilikuwa imesumbuliwa na nyati aliyeua watu na kuharibu mashamba. Kumbe nyati yule alikuwa mwanamke mzee wa nyumba ya kifalme aliyejigeuza kwa kuwa ndugu zake walimdhulumu. Wawindaji wale walimpa chakula na kumheshimu, naye akawafunulia siri ya kumwua. Aliwapa sharti moja. Wakiambiwa wachague mke miongoni mwa wasichana wazuri wa Do, wamchukue yule asiyetakiwa na mtu, Sogolon Kedjou, mwenye nundu mgongoni. Wakafanya hivyo. Watu wa Do wakawacheka mpaka machozi yakawatoka. Wawindaji wakamleta Sogolon kwa mfalme Maghann, na mfalme akakumbuka maneno ya ramli, akamwoa.

Mwana akazaliwa. Ngoma zikapigwa, watu wakala wakashiba. Lakini mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na mtoto hatembei. Alitambaa tu, kichwa kikubwa, maneno machache. Watoto wa rika lake walikuwa wakikimbia huku na huko naye yuko chini mavumbini. Sassouma alifurahi sana. Aliwaalika watu waje wamwone mtoto wake Dankaran akirukaruka, kisha wamtazame yule wa kibiongo. Hata mfalme mwenyewe akaanza kuona haya. Hata hivyo, kabla ya kufa alimpa Sundiata zawadi ambayo wafalme wa huko humpa mrithi, yaani malenga wake mwenyewe, Balla Fasséké, mwana wa malenga wa baba. Malenga hao huitwa jeli. Kazi yao ni kutunza historia ya ukoo kichwani, kushauri na kusema ukweli mbele ya mkubwa.

Mfalme alipofariki, wazee hawakuujali wosia wake. Walimtawaza Dankaran Touman, na Sassouma akashika hatamu zote. Sogolon na wanawe walisukumwa nyuma ya boma, wakaishi kwa mabaki na kwa kibustani kidogo alichokilima mama. Sundiata alikuwa na miaka saba, bado anatambaa.

Siku moja Sogolon alihitaji majani ya mbuyu ya kutia katika mchuzi. Huko majani hayo hutumiwa jikoni kama sisi tunavyotumia mboga. Akaenda kumwomba Sassouma. Sassouma alimpa, lakini alimpa na masimango. Alimwambia kwamba mwanawe yeye, akiwa na miaka saba, ndiye aliyekuwa akimchumia mama yake majani, lakini ikiwa mtoto wa Sogolon hawezi, basi na achukue mabaki. Sogolon alirudi nyumbani akilia. Kwa uchungu aliokuwa nao alimpiga mwanawe kwa kipande cha ukuni. Naam, hata hilo malenga hawalifichi.

Sundiata alimwuliza mama yake kama kilichomwumiza ni majani tu, au alitaka mbuyu mzima. Kisha akaagiza wahunzi wa marehemu baba yake wamletee fimbo ya chuma. Fimbo ikaletwa, nzito, imebebwa na wanaume kadhaa. Mtoto akaishika, akajivuta, akapiga magoti, akatetemeka, jasho likamtiririka, akasimama. Ile fimbo ikapinda mikononi mwake ikawa kama upinde. Akapiga hatua, kubwa kama za jitu. Akaenda akang'oa mbuyu na mizizi yake, akaubeba begani, akautupa mlangoni kwa mama yake. Tangu siku hiyo wanawake waliotaka majani ya mbuyu ilibidi waje kwa Sogolon. Wako malenga wengine wasemao kwamba fimbo ya chuma haikufaa, na kwamba alisimama kwa fimbo ya mti aliyokatiwa na mama yake.

Sassouma aliogopa, akataka kumwangamiza. Sogolon ndiye aliyeona hatari mapema. Aliwachukua wanawe, wakatoka usiku wakaenda uhamishoni. Walizunguka miaka mingi, nchi hii wakikaribishwa, nchi ile wakifukuzwa. Mwishowe walifika Mema, ambako mfalme Moussa Tounkara aliwapokea. Huko Sundiata akakua, akajifunza vita, akawa msaidizi mkubwa wa mfalme.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na msiba. Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso, mhunzi na mchawi aliyeogopwa na wote, aliivamia nchi ya Wamandinka. Dankaran Touman akatoroka. Wazee wakakumbuka ramli ya zamani, wakatuma watu kumtafuta mwana wa Sogolon. Wajumbe walifika sokoni Mema wakijifanya wachuuzi, wakatandaza viungo vya kwao na majani ya mbuyu. Dada yake Sundiata akayatambua, akawaleta nyumbani. Tazameni majani yale yale yaliyomliza mama yalivyorudi kumwita mwana.

Sogolon alikuwa mgonjwa. Alifia Mema kabla safari haijaanza. Mfalme wa Mema, akikasirika kwamba shujaa wake anamwacha, alitaka alipwe kwa ardhi ya kaburi. Sundiata akamtumia kikapu chenye vigae, manyoya na majani makavu. Mzee mmoja wa baraza alielewa fumbo lile, kwamba mji usiompa mama yake kaburi utabaki hivyo, vigae na majani. Sogolon akazikwa kwa heshima ya malkia.

Sundiata alikusanya majeshi ya nchi zote zilizodhulumiwa, wakakutana na Soumaoro mahali paitwapo Kirina, yapata mwaka 1235. Malenga husema kwamba Soumaoro hakudhurika kwa chuma, na kwamba siri yake ilivujishwa na dada wa kambo wa Sundiata aliyekuwa ameozwa kwake. Mshale uliotiwa kipi cha jogoo mweupe ulimgusa begani, nguvu zikamtoka, akakimbilia milimani asionekane tena. Baada ya ushindi wakuu wa koo walikutana Kouroukan Fouga, wakaweka sheria za dola mpya. UNESCO iliitia hati hiyo ya Manden katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Sundiata alitawala mpaka alipofariki yapata mwaka 1255. Wengine husema alizama katika mto Sankarani, wengine husema alipigwa na mshale katika sherehe.

Je, hayo ni historia au ni hekaya? Ni yote mawili. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alimtaja mfalme huyo kwa jina la Mari Djata, akasema alitawala miaka 25. Ibn Battuta, ambaye alitembelea Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Mali mwaka 1352 akaikuta dola bado ina nguvu. Kwa hiyo mtu alikuwapo na dola ilikuwapo. Mbuyu uliong'olewa, huo tumwachie malenga.

Basi likizo iliyofuata nilikimbia Thika kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nilimsimulia binamu yangu kisa chote, na nilipofika pale mtoto anaposimama nikainuka nami kwenye benchi. Alifurahi kweli. Aliniuliza maswali mengi juu ya wahunzi na fimbo. Kisha akakaa kimya, akasema ni hadithi nzuri, lakini yeye hatasimama. Madaktari walikwisha sema. Kama mtoto wa hadithi lazima asimame ndipo awe mfalme, basi yeye aliyebaki chini afanye nini? Angoje fimbo ya chuma?

Nilirudi tena nimeinama. Kwani huyu binamu ataridhika lini? Usiku ule nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Lakini nilikifungua kitabu tena, na safari hii sikumtafuta Sundiata. Nilimtafuta mama yake.

Sogolon hakunyooka. Hakuna mahali hata pamoja ambapo nundu yake inaondolewa. Hakuna mganga anayemgeuza akawa mrembo. Aliingia katika hadithi na kibiongo chake akatoka nacho kaburini. Na bado, hebu hesabuni alichofanya. Ni yeye aliyemfundisha mwanawe majina ya miti ya dawa na siri za wawindaji. Ni yeye aliyeamua waondoke kabla hawajauawa. Ni yeye aliyewatunza watoto miaka yote ya kutangatanga. Tena hakuwa malaika. Alilia, alikasirika, alimpiga mtoto kwa ukuni kwa kosa lisilo lake. Alikuwa mtu. Na jina la shujaa mwenyewe linamtaja. Djata ni simba. Wamandinka wengi husema kwamba Sundiata ni kifupi cha Sogolon Djata, simba wa Sogolon. Wafalme wangapi duniani wanaitwa kwa jina la mama mwenye kibiongo?

Nilimwandikia binamu yangu barua ya kurasa nne. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema sasa tunaelewana, na kwamba anangoja kuliona zimwi langu lina miguu mingapi.

Wenzangu wa chama, haya ndiyo niliyojifunza. Tunapobuni hadithi za ajabu tuna uhuru wote. Shaaban Robert aliiweka nchi nzima ya Kusadikika angani, na hakuna aliyemzuia. Sasa kwa uhuru wote huo, mbona tukimleta mlemavu tunajua kumfanya mambo mawili tu? Ama tunamfanya zimwi, ama tunamponya katika ukurasa wa mwisho ili tupumue. Yote mawili yanasema jambo moja, kwamba alivyo hafai kubaki katika hadithi. Malenga wa Mali walimponya mtoto, sawa, lakini walimwacha mama alivyo na bado wakampa kazi kubwa.

Tena sisi watu wa Kiswahili tuna somo la ziada katika sarufi yetu. Kipofu, kiwete, kiziwi na kibiongo, maneno haya yana umbo la kitu, kama kiti na kikombe. Lakini mwalimu hutusahihisha kila siku kwamba tuseme kiziwi amefika, wala si kimefika. Ngeli yake ni ya watu. Siku hizi tunahimizwa tuseme mtu mwenye ulemavu, na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inataka watu wenye ulemavu watajwe kwa namna isiyowadunisha. Basi katika hadithi zetu pia upatanisho na uwe wa mtu.

Hata methali tuitazame vizuri. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na mimi nilidhani ni methali ya huruma. Binamu yangu haipendi. Anasema inamfanya yeye kuwa onyo kwa wengine, kama bango la barabarani. Sikubaliani naye kabisa, kwa sababu methali hiyo imezuia vicheko vingi. Bado tunabishana.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Zimwi la Chania sasa lina miguu miwili, macho mawili na meno safi, na kwa kweli linatisha zaidi, kwa maana huwezi kulitambua sokoni. Anayelishinda ni msichana wa kiti cha magurudumu, mwenye kiburi, mwongo kidogo, mwepesi wa fikira. Analinasa kwa sababu anaijua kila njia ya mteremko na kila daraja bovu la pale, jambo ambalo wenye kukimbia hawakuwahi kulitazama. Mwisho wa hadithi anarudi nyumbani kwa kiti chake. Nilijaribiwa sana kumsimamisha, nikajizuia.

Nimeipeleka Thika isomwe kwanza na mwenyewe. Imerudi na alama za kalamu nyekundu mahali kumi na tatu. Pale nilipoandika kwamba msichana alisukumwa na rafiki zake mpaka kileleni, amekata mstari mzima, akaandika pembeni kwamba hakuomba.